Inakwaruza, inachelewa, inavuma: utatuzi wa matatizo ya kurekodi kwenye kompyuta

Kabla hujagusa kitufe chochote, rudia kusikiliza pale penye kasoro. Halafu rudia tena. Kama mkwaruzo unatokea kwenye neno lile lile, silabi ile ile, basi umo ndani ya faili: uliingia wakati wa kurekodi, na hakuna mpangilio wa kompyuta utakaoutoa. Kama mara hii umesikika kwenye ubeti na mara nyingine kwenye kiitikio, faili yako ni nzima, ila kompyuta inashindwa kuifikisha kwenye spika. Hapa Kampala, hasa sisi wa studio za vyumba vya kupanga, Ndeeba, Katwe, Makindye, watu hukesha kwa sababu ya kuliruka swali hili. Watabadili plagini (vile viprogramu vinavyotundikwa ndani ya programu ya kurekodi), watapakua draiva mpya, watamlaumu mwimbaji, kumbe ni waya.

Nimezipanga dalili kwa maneno ya wanaozileta, maana hakuna kwaya itakayokuja kukuambia kwamba bafa yako ni ndogo.

"Inakwaruza na kukatika-katika"

Tuchukue kwanza ule mkwaruzo unaohamahama. Kompyuta haitoi sauti mfululizo kama bomba la maji. Inaiandaa kwa mafungu, na fungu likiwa tayari ndipo linapelekwa kwenye kadi ya sauti, kifaa kinachoingiza na kutoa sauti kwenye kompyuta. Fungu hilo ndilo bafa, na ukubwa wake huhesabiwa kwa sampuli: 64, 128, 256, 512, 1,024. Sampuli moja ni kipimo kimoja cha wimbi la sauti. Mradi wa hezi 44,100 una vipimo 44,100 kwa kila sekunde. Kwa hiyo bafa ya 128 inaipa kompyuta chini kidogo ya milisekunde 3 kumaliza hesabu zote za traki zako, kompresa, rivabu, vinanda vya plagini na kila ulichokitundika. Isipomaliza, fungu linaondoka na pengo, na pengo hilo ndilo "tak" unayoisikia.

Wakati wa kuchanganya sauti hakuna anayeimba, kwa hiyo huna sababu ya kuikimbiza mashine. Pandisha bafa hadi 1,024. Ikiwa bado inakwaruza, gandisha traki zenye plagini nzito, yaani ziamuru zijigeuze kuwa sauti ya kawaida kwa muda ili processa ipumue. Kwenye Windows hakikisha programu inatumia draiva ya ASIO ya kadi yako yenyewe, yaani kiunganishi kinachoipa programu njia fupi ya kufika kwenye kadi. Asiye na kadi ya nje anaweza kujisaidia na ASIO4ALL. Ikiwa kadi imechomekwa kwenye kigawanyi cha USB pamoja na flashi, mausi na chaja ya simu, ichomoe huko uichomeke kwenye kompyuta moja kwa moja.

Kisha kuna sababu ambayo miongozo ya ng'ambo huitaja kwa nadra, nasi tunaishi nayo. Umeme ukiondoka, laptopu inahamia kwenye betri, na nyingi hupunguza kasi ya processa ili betri idumu. Mradi uliokuwa ukicheza vizuri unaanza kukwaruza muda ule ule taa zinapozima, na kijana anadhani kukatika kwa umeme kumeharibu kadi yake. Nenda kwenye mipangilio ya nishati uchague utendaji wa juu hata kwenye betri. Baadhi ya mashine hazikubali, zinajipunguza tu. Hizo dawa yake ni kugandisha traki. Joto nalo hufanya vivyo hivyo. Nimeona laptopu imelazwa juu ya kipande kile kile cha godoro walichonunua kuzuia mwangwi, matundu yake ya hewa yamezibwa kabisa, na watu wanashangaa kwa nini wimbo unaanza kukwama baada ya nusu saa.

Ikiwa "tak" imeganda mahali pamoja ndani ya faili, basi ulirekodi na bafa ndogo kuliko uwezo wa mashine. Rekodi upya sehemu hiyo. Palipo na mkwaruzo mmoja tu unaweza kukuza wimbi, ukakata hapo na kuunganisha kingo kwa mfifio mfupi, lakini usijaribu kufanya hivyo wimbo mzima.

"Najisikia mara mbili"

"Kaka prodyuza, mbona kuna mtu ananiigiza huku masikioni?" Hilo ni swali la mwalimu wa kwaya ya Kiswahili akiwa amevaa hedifoni kwa mara ya kwanza, na kaeleza tatizo kikamilifu. Anasikia sauti yake kwa njia mbili: moja inatoka kwenye kadi moja kwa moja, nyingine imezunguka ndani ya programu na kurudi ikiwa imechelewa. Zima mojawapo. Kadi nyingi za nje zina kitufe au kirungu (kile cha kuzungusha) cha kusikiliza moja kwa moja. Ukikitumia hicho, zima usikilizaji wa traki ndani ya programu. Tatizo linaisha hapo.

Asiposikia mara mbili ila analalamika kuwa yuko nyuma ya mdundo, huo ni ucheleweshaji wa bafa. Fanya hesabu: 1,024 gawanya kwa 44,100 ni milisekunde 23, na hiyo ni njia moja tu. Sauti inaingia, inatoka, na kadi inaongeza muda wake. Sauti hewani husafiri takriban sentimita 34 kwa milisekunde, kwa hiyo mwimbaji huyo anajisikia kana kwamba kinywa chake kiko mita 15 kutoka masikioni. Shusha bafa hadi 128 au 64 wakati wa kurekodi, kisha ipandishe ukianza kuchanganya. Kazi ya kurekodi na kazi ya kuchanganya zinataka bafa tofauti. Anayeiacha namba moja mwaka mzima atalalamika kwenye mojawapo.

Umeshusha bafa na bado anachelewa? Angalia masta, traki kuu ambako zote hukutana. Limita (kizuizi cha sauti isivuke dari) na baadhi ya ikweliza (za kupandisha na kushusha besi na milio ya juu) hutazama sauti mbele kabla ya kuigusa, na huko kutazama mbele kunachelewesha traki zote. Zizime wakati wa kurekodi. Na hedifoni za bluutuuthi ziwekwe mfukoni: nyingi huchelewa kwa milisekunde mia na zaidi, na hakuna bafa itakayorekebisha hilo.

"Imepasuka"

Kuza wimbi kwenye skrini. Ukiona vichwa vimekatwa bapa badala ya kuviringana, sauti iligonga dari. Kwenye dijitali dari hiyo ni desibeli 0, na juu yake hakuna kitu, kinachozidi kinakatwa.

Hapa ndipo wengi hukosea mpangilio wa mambo. Geini ni kirungu kilicho kwenye kadi, kinaamua sauti iingie kwa nguvu gani kabla haijageuzwa kuwa namba. Fada iko ndani ya programu, inaamua sauti iliyokwisha kurekodiwa isikike kwa nguvu gani. Mwimbaji akipasua, prodyuza anashusha fada, taa nyekundu inazima, wote wanafurahi, na wimbi linaendelea kuingia likiwa limekatwa. Sasa ni mpasuko wenye sauti ndogo. Shusha geini.

Ushushe hadi wapi? Kwenye kina cha biti 24, yaani urefu wa namba inayohifadhi kila kipimo, una nafasi ya kinadharia ya desibeli 144 kati ya kimya na dari, dhidi ya 96 za biti 16, kwa hiyo huna haja ya kusukuma mpaka juu. Acha vilele vicheze kati ya -18 na -10. Na usipimie kwa kumwambia mtu ahesabu "moja, mbili, tatu". Waimbaji wetu wa injili wakipimwa huongea kwa adabu, kisha kiitikio kikifika wanafungua koo na kila kitu kinakuwa chekundu. Mwambie aimbe pale anapopaza zaidi, weka geini kwa hapo, kisha ishushe kidogo tena, kwa sababu Roho akishuka atapaza kupita hapo.

Kama traki moja moja ni safi na mpasuko unasikika zikicheza pamoja, kurekodi hakuna kosa. Jumla ya traki imezidi kwenye masta. Chagua fada zote, zishushe kwa pamoja kwa desibeli 6, uendelee. Kwa faili iliyokwisha pasuka, Audacity ina zana ya kurekebisha vilele vilivyokatwa. Inasaidia pale palipoguswa kidogo. Palipokatwa sana, mrudishe mwimbaji kwenye maiki.

"Kuna kitu kinavuma"

Sikiliza aina ya mvumo kwanza, maana kila aina ina chanzo chake.

Mvumo mzito usiobadilika, "mmm", ni umeme wa ukutani. Umeme wetu Uganda ni wa volti 240 na hezi 50, kwa hiyo utaukuta kwenye hezi 50 na ndugu zake 100 na 150. Mara nyingi chanzo ni vifaa viwili vilivyounganishwa kwa waya wa sauti huku kila kimoja kikichukua ardhi ya umeme kutoka soketi tofauti. Jaribio lake ni la sekunde chache: chomoa chaja ya laptopu huku ukisikiliza. Mvumo ukinyamaza, umempata. Rekodi kwa betri, au chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja yenye ardhi. Kuna mafundi wanaovunja pini ya ardhi ya plagi ili mvumo uishe. Unaisha kweli, na siku kifaa kikivuja umeme, njia yake ya kwenda ardhini itakuwa mtu aliyeshika maiki. Usifanye hivyo, wala usikubali kufanyiwa.

Ikiwa chaja haina hatia, angalia waya. Waya wa XLR wenye pini tatu hubeba sauti mara mbili, nakala moja ikiwa imegeuzwa, na kinachoingia njiani hufutwa mwishoni. Waya wa gitaa wa kawaida hauna kinga hiyo, kwa hiyo uwe mfupi. Usilaze waya wa sauti sambamba na waya wa umeme. Zikilazimika kukutana, zipishane kwa pembe mraba. Gitaa la umeme lenyewe hunasa mvumo: mpiga gitaa ajizungushe taratibu akiwa amekaa, atafika upande ambao mvumo unapungua, na hapo ndipo akae.

Mlio wa "zzzz" wenye meno, unaokuja tu siku za betri za sola, ni wa inveta. Inveta za bei nafuu hazitoi wimbi laini bali wimbi la ngazi-ngazi, na ngazi hizo hujaa milio ya juu. Hakuna plagini itakayousafisha bila kuikwangua sauti ya mwimbaji. Rekodi laptopu ikiwa kwenye betri yake yenyewe, inveta imezimwa, na kadi inayokula umeme wa USB.

"Didi-dit, didi-dit" ni simu. Simu ikiwa kwenye mtandao wa 2G hurusha mawimbi kwa vipande vifupi mara 217 kwa sekunde, na waya wa maiki huyanasa. Siyo ile simu kubwa iliyo mezani. Ni simu ndogo ya tochi iliyo kwenye mfuko wa shati wa mwimbaji, inayosubiri ujumbe wa mobile money. Ikae nje ya chumba.

"Shhh" kama upepo ni geini iliyopandishwa kupita kiasi kwa sababu maiki iko mbali au ni ya aina ya dainamiki (isiyohitaji umeme wa kadi) kwenye kadi yenye nguvu ndogo. Sogeza mwimbaji hadi upana wa kiganja kimoja au viwili, ushushe geini. Na mvua ikianza kupiga mabati, andaa chai.

"Haisikiki kabisa"

Maiki ya kondensa inahitaji volti 48 kutoka kwenye kadi. Kitufe kimeandikwa 48V. Shusha sauti ya spika kabla ya kukibonyeza, kitapiga mshindo. Maiki ya dainamiki haiihitaji, na kwa waya mzima haitadhurika. Ile ya ribani ya zamani inaweza kudhurika. Kisha: je, traki imewekwa tayari kurekodi? Imechagua ingizo sahihi, la 1 au la 2? Windows imeipa programu ruhusa ya kutumia maiki? Hilo la mwisho huja baada ya Windows kujisasisha usiku bila kuulizwa.

Sauti ikisikika sikio la kushoto tu, umerekodi maiki moja kwenye traki ya stereo. Igeuze traki iwe mono. Basi.

"Wimbo unakimbia, na mwimbaji amekuwa mtoto"

Mwenzako kakutumia sauti kutoka Bwera au Goma, unaifungua, inakwenda mbio na imepanda. Hiyo ni tofauti ya kiwango cha sampuli. Faili ya hezi 44,100 ikisomwa kana kwamba ni ya 48,000, vipimo vinatumika haraka kuliko vilivyopimwa: wimbo wa dakika 4 unakwisha sekunde 19 na nusu kabla ya wakati, na ufunguo unapanda karibu nusutoni moja na nusu (nusutoni ni hatua moja ya kinanda). Ikiwa kinyume, wimbo unavuta na sauti inazama. Usirekebishe kwa plagini ya kushusha ufunguo. Angalia kiwango cha faili, angalia cha mradi, angalia cha kadi, vyote visome namba moja, halafu ingiza faili upya na uiruhusu programu iibadilishe. Sauti za video huwa 48,000 karibu siku zote. Hapo ndipo mchanganyiko huu huanzia.

Kama wimbo unaanza sawa na kuachana pole pole, tuseme kamera na kadi vilirekodi ibada ile ile kisha kufikia mahubiri midomo haifuati maneno, kosa si la namba. Kila kifaa kina saa yake ndani, na saa mbili hazilingani kamwe. Kata video kwenye vituo vya kimya, usogeze kipande kimoja kimoja.

"Kwaya imekuwa nyembamba"

Maiki mbili mbele ya kwaya, kila moja peke yake inasikika nene, zikiunganishwa besi zinapotea. Sauti ile ile imefika kwenye maiki mbili kwa nyakati tofauti, na wimbi linapopanda kwenye moja linashuka kwenye nyingine, kwa hiyo yanafutana. Bonyeza kigeuzi cha fezi kwenye traki moja, kile chenye duara lililokatwa na mstari. Besi zikirudi, kiache hapo. Zikirudi nusu, kukuza mawimbi na kusogeza traki moja kwa milisekunde chache kutasaidia zaidi. Safari ijayo, umbali kati ya maiki na maiki uwe mara tatu ya umbali wa maiki na waimbaji. Na miksi yoyote isikilize kwenye mono kabla ya kuitoa: wasikilizaji wako wako kwenye simu na kwenye taksi zenye spika moja inayofanya kazi, na huko sauti zinazofutana hupotea kabisa.

"Auto-Tune imeharibu wimbo wa asili"

Hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu mashine haikukosea hata kidogo, ilifanya ilichoagizwa. Auto-Tune, plagini ya kunyoosha noti za mwimbaji, ilitoka mwaka 1997 na kama ndugu zake wengi huanza na ngazi ya kinanda: oktavu yenye senti 1,200, imegawanywa hatua 12 za senti 100. Amadinda, marimba ya Buganda, ile ya vibao 12, haikai kwenye ngazi hiyo. Ina sauti tano ndani ya oktavu, na hatua zake zinakaribia kulingana, takriban senti 240 kila moja. Kwa hiyo sauti zake zinaangukia karibu na 240, 480, 720 na 960. Mwimbaji anayeifuata kwa sikio zuri anaimba hapo hapo. Plagini inamkuta kwenye 240, inamvuta hadi 200. Inamkuta kwenye 960, inamsukuma hadi 1,000. Senti 40 ni karibu nusu ya nusutoni. Umemchukua mtu aliyekuwa sawa ukamweka nje ya ala yake, halafu unamwambia arudie.

Jinsi ya kutambua: zima plagini, sikiliza sauti na amadinda peke yao. Zikipatana, mwimbaji hana kosa. Plagini nyingine zinakuruhusu kuhamisha kila noti kwa senti. Pima vibao kimoja kimoja kwa kipima ufunguo na uandike namba hizo, kwa sababu amadinda mbili hazifanani. Isiyokuwa na uwezo huo, rekebisha kwa mkono noti mbili tatu zilizoteleza kweli, zilizobaki ziache.

Adungu, kinubi cha Waalur, ni hadithi nyingine kidogo. Makanisani na mashuleni mara nyingi huwekwa kwenye ngazi ya meja, kwa hiyo hatua zinaweza kulingana na kinanda lakini noti ya kuanzia isilingane: bendi nzima ya adungu imepatana yenyewe kwa yenyewe, ila juu au chini ya hezi 440 za noti A. Hapo usiiguse ngazi. Tafuta sehemu ya kubadili rejea ya 440, iweke inapolingana na adungu, na vinanda vya plagini navyo uvishushe au uvipandishe kwa kiasi hicho hicho.

"Kwenye studio ilikuwa nzuri"

Faili iliyotolewa ikipasuka na mradi haupasuki, umeacha vilele kwenye 0 kisha ukaigeuza MP3. Ugeuzaji husogeza vilele juu kidogo. Weka dari ya limita kwenye -1. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama hati, faili ifike kama ulivyoitoa. Kwa redio, toa WAV. Kwa Spotify usipoteze nguvu kuipaza kuliko wengine, kwa kawaida watairudisha kwenye LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia).

Traki zikifunguka tupu kwenye kompyuta nyingine, ulibeba faili ya mradi bila sauti zake. Tumia amri ya kukusanya faili zote kwenye folda moja. Anayejaribu FL Studio bila kuinunua ajue kwamba toleo la majaribio linahifadhi mradi lakini halitaufungua tena, kwa hiyo atoe WAV ya kila traki kabla ya kuifunga.

Na kama mwisho wa wimbo umekatwa ghafla, mwangwi wa neno la mwisho haujazimika, alama ya mwisho ya eneo la kutoa imegandamizwa kwenye noti ya mwisho. Isogeze mbele sekunde nne, utoe tena.